Taipu, Chapa na Hatimkato: Istilahi za Uhazili Serikalini na Uchaguzi wa Anayeitafuta Kazi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali wanayoulizwa mara kwa mara walimu wa shule za sekondari na maafisa utumishi, limo moja ambalo kwa sura yake si swali la lugha: kijana anayetaka kazi ya ofisini serikalini ajifunze kupiga taipu tu, au ajifunze na hatimkato pia? Lau swali hili lingehusu vidole na kalamu peke yake, sisi tulio upande wa istilahi tusingekuwa na la kusema. Lakini ukilichunguza utaona kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake inatokana na maneno. Kijana husoma tangazo lenye maneno kama katibu mahsusi, uhazili, hatimkato, hatua ya tatu, daraja la tatu na maneno 80 kwa dakika moja. Kila moja kati ya maneno hayo lina historia yake, na baadhi yake yana maana zaidi ya moja. Akilielewa vibaya hata moja, huenda akatumia ada ya mwaka mzima kusomea jambo lisilotakiwa.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno hayo, kuonyesha mahali yanapogongana, na kutoa mapendekezo ya namna ya kuyatumia. Mfano wetu mkuu ni utumishi wa umma wa Tanzania. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya shughuli za serikali tangu Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipotangaza kitumike katika kazi za taifa. Tangazo hilo lilimfanya karani aliyezoea kunakili barua za Kiingereza aanze kuziandika barua kwa lugha iliyokuwa bado haijampatia majina ya vyombo vyake vyote.

Chapa na taipu

Neno chapa lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako shina lake lina maana ya kupiga mhuri au alama. Katika Kiswahili limezaa ukoo mkubwa. Ng'ombe hutiwa chapa. Kitabu hupigwa chapa. Mwenye kukitoa kitabu hicho kwa wasomaji huitwa mchapishaji. Kosa la mpangaji herufi ni kosa la chapa. Neno hilo hilo hubeba maana ya kupiga kwa fimbo, na kutokana na maana ya kutenda kwa nguvu tumepata mchapakazi, ambaye hahusiani kwa vyovyote na mashine.

Mashine ya kuandikia ilipoingia maofisini, watu walitazama kinachotendeka: chuma chenye herufi kinagonga utepe wenye wino na kuacha alama kwenye karatasi. Hiyo, kwa macho yao, ilikuwa chapa. Ndipo waliposema kupiga chapa, na mwenye kazi hiyo akaitwa mpiga chapa. Hapakuwa na kosa katika fikra hiyo. Tatizo ni kwamba jina lilikuwa tayari na mwenyewe. Afisa anayesimamia uchapaji wa Gazeti la Serikali na nyaraka nyingine rasmi huitwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo mtu mmoja anayeandika barua ya kurasa mbili kwa mkuu wake, na mtu mwingine anayeongoza kiwanda chenye mitambo mikubwa, walijikuta wanashiriki jina moja.

Mfasiri anayekutana na mpiga chapa katika hati ya zamani hana budi kuutazama muktadha kabla ya kuamua. Ikiwa hati inataja nakala za kaboni, stensili au mashine ya kurudufu, mhusika ni karani wa ofisini. Ikiwa inataja rimu za karatasi, jalada la kitabu au gazeti, mhusika ni wa kiwandani.

Wasemaji wenyewe walishautafutia mgongano huu dawa kwa kutumia neno taipu. Wanasema kupiga taipu kama wasemavyo kupiga simu, kupiga pasi na kupiga picha. Muundo huu wa kitenzi piga kikifuatwa na jina la chombo au la tokeo lake umekomaa katika Kiswahili, na neno geni likiuingia halionekani geni kwa muda mrefu. Kwa upande wa kitenzi kifupi, hata hivyo, lugha ya serikali imebaki na kuchapa: matangazo ya kazi husema kuchapa barua, taarifa na nyaraka. Hapo hapana hatari kubwa, maana yambwa ya kitenzi ndiyo inayotueleza. Hatari imo katika jina la mtenda.

Hati, mkato na muhtasari

Hatimkato ni neno lililoundwa ndani ya lugha kwa kuunganisha majina mawili yaliyokuwa yanajulikana. Hati kwa asili ni mwandiko. Ndiyo maana twasema fulani ana hati nzuri. Baadaye neno hilo lilichukua pia maana ya karatasi rasmi, kama vile hati ya nyumba. Mkato nao una maana mbili zinazotuhusu: alama ya uandishi inayotenga vipande vya sentensi, na ufupi wa njia, kama katika njia ya mkato. Waliounda istilahi hii walikusudia maana ya kwanza ya hati na maana ya pili ya mkato. Yaani huu ni mwandiko unaopita njia fupi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu msomaji akichukua hati kwa maana ya karatasi rasmi, atadhani hatimkato ni karatasi iliyofupishwa. Atasema kwamba katibu wa kikao aliyeandika mambo makuu katika ukurasa mmoja ameandika hatimkato. Huyo ameandika muhtasari. Muhtasari hufupisha ujumbe: maneno mengi ya wajumbe huachwa, na maazimio hubaki. Hatimkato haifupishi ujumbe hata kidogo. Inachofupisha ni kazi ya mkono. Msemaji akitamka maneno 800, mwandishi wa hatimkato hana budi kuyarudisha yote 800, kwa mpangilio ule ule. Kwa maneno mengine, mwenye muhtasari hutakiwa kuchagua, na mwenye hatimkato hukatazwa kuchagua.

Kazi yenyewe ina hatua tatu, na kila moja inastahili jina lake. Kwanza mkuu husema, na kusema huko kwa ajili ya kuandikwa huitwa imla. Pili, mwandishi huandika alama kwenye daftari. Tatu, huketi akazigeuza alama zile kuwa maandishi ya kawaida, zamani kwa taipureta na siku hizi kwa kompyuta. Hatua hii ya tatu aghalabu haitajwi kwa jina, na sisi tunapendekeza iitwe unukuzi. Ni muhimu itajwe, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba mwandishi wa hatimkato hakwepi taipu. Mpiga taipu anaweza kuishi bila hatimkato. Mwandishi wa hatimkato hawezi kuishi bila taipu.

Karani, katibu na mhazili

Majina ya watu wa ofisini yamepanda na kushuka kwa namna ya ajabu. Karani, neno lililotoka nalo Bara Hindi, katika Tanzania humtaja mtumishi wa ngazi ya chini anayeandika, kuhesabu au kutunza majalada. Hata hivyo nchini Kenya afisa mkuu wa watumishi wa Bunge huitwa Karani wa Bunge, na Tanzania mwenye wadhifa kama huo huitwa Katibu wa Bunge. Katibu kwa asili yake ya Kiarabu ni mwandishi tu, lakini katika serikali yetu neno hilo limepanda hadi Katibu Mkuu wa wizara na Katibu Tawala wa mkoa. Kwa hiyo kusema kwamba kijana anatafuta kazi ya ukatibu, bila kuongeza neno, ni kumwacha msikilizaji gizani.

Neno lililoongezwa ni mahsusi, au kwa wengine muhtasi. Yote mawili yana shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuhusika na jambo au mtu fulani pekee. Katibu mahsusi ni katibu wa mkuu fulani, anayetunza miadi yake, majalada yake na siri zake. Wengi huchanganya muhtasi na muhtasari, wakidhani katibu muhtasi ameitwa hivyo kwa kuwa ndiye anayeandika mihtasari ya vikao. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti, bali mashina yake ni tofauti. Muhtasari umetokana na shina lenye maana ya kufupisha. Kwa sababu ya mkanganyiko huo tunaona mahsusi ndilo linalofaa kutumika siku zote.

Kisha kuna uhazili. Neno hili limekuwa jina la fani yote inayofundishwa vyuoni: taipu, hatimkato, utunzaji wa majalada, mapokezi ya wageni na adabu za ofisi. Anayejua Kiarabu atatambua kwamba konsonanti za neno hili zinalingana na zile za ikhtizal, jina la Kiarabu la hatimkato. Iwe iwavyo, katika Kiswahili cha leo uhazili ni neno pana na hatimkato ni sehemu yake moja. Mtu anaweza kusema amesoma uhazili huku akiwa hakufaulu somo la hatimkato, na hapo ndipo panapozaliwa masikitiko mengi.

Katika matangazo ya miaka ya karibuni kimetumika pia cheo cha Mwandishi Mwendesha Ofisi. Cheo hiki kina sifa ya kueleza kazi yenyewe. Lakini mfasiri aangalie kwamba mwandishi hapa si mtunzi wa vitabu wala mwandishi wa habari.

Hatua hupanda, daraja hushuka

Tangazo la kazi ya Katibu Mahsusi Daraja la III kwa kawaida limemtaka mwombaji awe na elimu ya kidato cha nne, awe amehudhuria mafunzo ya uhazili na kufaulu mtihani wa Hatua ya Tatu, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja, na awe na cheti cha kompyuta. Kwa Mwandishi Mwendesha Ofisi mwenye stashahada, kasi iliyotajwa ni maneno 100.

Tazama tatu mbili zilizomo katika tangazo hilo. Hatua ya Tatu ni ya mtihani, na hatua huhesabiwa kwa kupanda: anayeanza yuko hatua ya kwanza, na aliyefika ya tatu amekwenda mbali. Daraja la III ni la cheo, na madaraja katika utumishi huhesabiwa kwa kushuka: anayeingia kazini huanza la tatu, akapandishwa hadi la pili, kisha la kwanza. Mwombaji asiyeijua tofauti hii huona namba zinazofanana akadhani ni kitu kimoja. Mfasiri anayegeuza tangazo kuwa katika lugha nyingine akitumia neno moja kwa hatua na daraja, ameligeuza sharti la elimu kuwa sharti la cheo, na mtu mwenye sifa anaweza kuamini hana.

Neno ni nini katika maneno 80?

Tumefika kwenye istilahi inayoonekana nyepesi kuliko zote, nayo ni neno lenyewe. Kasi hupimwa kwa maneno kwa dakika. Lakini neno la Kiswahili halifanani na neno la Kiingereza. Kiswahili huambatisha nafsi, njeo, yambwa na kauli katika mzizi mmoja, na jambo ambalo Kiingereza husema kwa maneno saba sisi twaweza kulisema kwa mawili: hatutawaandikia tena.

Tulinganishe tungo mbili. Hatutawaandikia tena ni maneno mawili. Ukihesabu herufi zake pamoja na nafasi iliyo kati, ni mibonyezo 20 ya vidole. Ni ya nani na ya nini ni maneno sita. Mibonyezo yake ni 21. Ikiwa mtahini atahesabu maneno kama yalivyotengwa kwenye karatasi, mtahiniwa aliyepewa utungo wa pili atahesabiwa kuwa na kasi mara tatu ya mwenzake, ingawa vidole vyao vimefanya kazi karibu sawa. Haki ya mtahiniwa basi inategemea neno limefasiliwaje.

Katika upigaji taipu, desturi iliyoenea duniani ni kuhesabu kila mibonyezo mitano, pamoja na nafasi, kuwa neno moja. Serikali ya India imelieleza jambo hili waziwazi. Mtihani wa taipu kwa makarani wa ngazi ya chini wa serikali kuu hutaka maneno 35 kwa dakika kwa Kiingereza au 30 kwa Kihindi, na tangazo huongeza kwamba hesabu hizo ni sawa na mibonyezo 10,500 na 9,000 kwa saa, kwa wastani wa mibonyezo mitano kwa neno. Waandishi wa hatimkato wana mtihani wao mbali: imla ya dakika kumi, kwa kasi ya maneno 100 kwa daraja moja na 80 kwa daraja linalofuata. Huko mwombaji aonapo tangazo hujua mara moja amesimama mlango gani, na hujua kipimo ni kipi.

Sisi tunapendekeza neno-kipimo litumike kwa kipimo hicho cha mibonyezo mitano, ili neno libaki na maana yake ya kawaida. Katika hatimkato, ambako hakuna mibonyezo, jambo la haki ni imla ya Kiswahili ipimwe kwa silabi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na huhesabika bila ubishi.

Hatimkato na sauti za Kiswahili

Mfumo wa hatimkato uliozoeleka katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza ni ule wa Isaac Pitman, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1837. Mwingine ni wa John Robert Gregg, wa mwaka 1888. Mfumo wa Pitman hufuata sauti, si tahajia. Konsonanti huandikwa kwa mistari, na zile zinazofanana hutenganishwa kwa wembamba na unene: p ni mstari mwembamba na b ni mnene, vivyo hivyo t na d, k na g, f na v. Irabu huonyeshwa kwa nukta na vistari vidogo kando ya mstari. Gregg alikwepa unene, akatumia urefu wa mistari badala yake.

Kwa Kiswahili mfumo wa Pitman una neema na mitihani. Neema ni kwamba una alama ya ng' ya ng'ombe, na una namna ya kuunenepesha mstari wa m ili usomeke mb au mp. Tena uliandaliwa kwa irabu 12 za Kiingereza, na sisi tunahitaji tano tu. Mtihani uko kwenye mazoea ya wenye kasi. Mwandishi hodari wa Kiingereza huacha irabu nyingi na kutegemea umbo la konsonanti. Akifanya hivyo katika Kiswahili, kata, keti, kiti, kuta na kote zote hubaki na k na t. Mahali pa mstari, juu ya msitari wa daftari au chini yake, humdokezea irabu ya kwanza, lakini irabu ya mwisho haimo. Na irabu ya mwisho katika Kiswahili si pambo. Ndiyo inayotenganisha asoma na asome, aenda na aende.

Upatanisho wa kisarufi humsaidia mwandishi kwa kiasi fulani. Katika kitabu changu kimepotea, ngeli imetajwa mara tatu. Alama moja ikififia, mbili zitaishuhudia. Lakini kuna mahali ambapo hapana shahidi. Mkurugenzi akisema katika imla kwamba mtumishi alipe, na mwandishi akasoma alipwe, deni limegeuka haki. Sauti iliyobadili amri hiyo ni w moja. Kwa ajili hiyo anayefundisha hatimkato ya Kiswahili hana budi kuwafundisha wanafunzi kuziandika irabu za mwisho na viambishi vya kauli hata pale ambapo mwenzao wa Kiingereza angeziacha. Inafaa pia matangazo yaendelee kutaja hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kama stadi mbili, kwa kuwa mwenye moja hana nyingine kwa hakika.

Uchaguzi wenyewe

Baada ya kuyapanga maneno, swali la kijana linajibika kwa urahisi zaidi.

Taipu hufundishika kwa majuma au miezi michache. Mpangilio wa herufi tunaoutumia uliingia sokoni mwaka 1874 kwa mashine iliyotengenezwa na Remington, na haukuwekwa kwa ajili yetu: a, herufi inayojirudia mno katika Kiswahili, imeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ilhali q na x, tusizozihitaji katika tahajia sanifu, zimepewa nafasi zao kamili. Pamoja na hayo, mazoezi huishinda kasoro hiyo. Manufaa ya taipu ni kwamba kila ofisi inaihitaji. Udhaifu wake ni huo huo: kwa kuwa kila ofisi inaihitaji, kila mtumishi hutakiwa kuijua. Maafisa wengi siku hizi huandika barua zao wenyewe kwenye kompyuta, na chumba kilichojaa wapiga taipu wakipokea rasimu za mkono kutoka idara zote ni jambo lililopita. Taipu peke yake basi si kazi tena. Ni stadi iliyomo ndani ya kazi nyingine. Anayeijua anaweza kuifaidi kama karani wa masijala, msaidizi wa kumbukumbu au mhudumu wa mapokezi, ilmradi awe na mafunzo ya fani husika.

Hatimkato ni njia ndefu. Inataka mazoezi ya kila siku kwa mwaka au zaidi, na mkono ulioachwa bila mazoezi husahau. Kinasa sauti nacho kimeichukua sehemu ya kazi iliyokuwa yake. Pamoja na hayo sharti la hatimkato limeendelea kuandikwa katika matangazo, na sharti ni sharti: kijana mwenye cheti kizuri cha kompyuta na kasi ya vidole ya kusifiwa hawezi kuingia katika kundi la makatibu mahsusi bila hilo somo. Tena kinasa sauti hunasa kila kitu, hata lile ambalo mkuu aliagiza lisiandikwe. Mwandishi aliyeketi mbele yake husikia agizo hilo na kulitii.

Kwa hiyo mwalimu anayeombwa ushauri asianze kwa kuuliza ipi rahisi. Aanze kwa kulisoma tangazo pamoja na kijana, neno kwa neno. Je, cheo ni cha uhazili au cha kumbukumbu? Je, chuo anachokitaka kinafundisha hatimkato kwa lugha zote mbili hadi kasi inayotajwa, au neno uhazili kwenye bango lake lina maana ya taipu na kompyuta tu? Mjini Tabora, ambako uhazili umefundishwa serikalini kwa miaka mingi na ambako leo kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, neno hilo lina maana yake kamili. Si kila bango la mjini lina maana hiyo. Kijana mwenye sikio jepesi, subira na moyo wa kutunza siri asiogope hatimkato. Asiye na subira hiyo asome utunzaji wa kumbukumbu na taipu ndani yake, wala asijione amepungukiwa. Linaloumiza ni kusoma moja kwa kudhani ni jingine.

Mapendekezo

Kwa mintarafu ya yaliyoelezwa, tunapendekeza maneno yafuatayo yatumike kwa maana zilizoonyeshwa:

1. Mpiga taipu: mtu anayeandika kwa taipureta au kompyuta maandishi aliyopewa. 
2. Mpigachapa: mtu au idara inayochapa vitabu, magazeti na nyaraka kwa mitambo. Lisitumike kwa mpiga taipu. 
3. Hatimkato: mwandiko wa alama fupi unaohifadhi kila neno la msemaji. Liandikwe neno moja. 
4. Imla: usemaji wa maneno kwa ajili ya kuandikwa na mwingine. 
5. Unukuzi: ugeuzaji wa hatimkato kuwa maandishi ya kawaida. 
6. Muhtasari: maelezo mafupi ya yaliyosemwa. Lisichanganywe na namba 3. 
7. Uhazili: fani yote ya kazi za katibu wa ofisi, mwenye fani hiyo ni mhazili. 
8. Katibu mahsusi: mhazili aliyepangiwa mkuu fulani. 
9. Neno-kipimo: mibonyezo mitano ya taipu, pamoja na nafasi. 
10. Hatua: ngazi ya mtihani, huhesabiwa kwa kupanda. 
11. Daraja: ngazi ya cheo, huhesabiwa kwa kushuka.

Maneno haya si mageni. Mengi yake yamo vinywani mwa watu tayari. Tunachoomba ni kila moja libaki mahali pake. Maafisa wanaotayarisha matangazo ya kazi wanaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: kuandika, mara baada ya kasi inayotakiwa, kwamba imepimwa kwa kipimo gani. Walimu na wafasiri wenye maneno mengine yanayotumika katika ofisi za mikoa yao, au wenye hoja dhidi ya haya tuliyoyapendekeza, wanaombwa watuandikie, ili orodha hii ikijadiliwa katika kikao cha usanifishaji iwe imepita kwanza mikononi mwa wale wanaoitumia kila siku.